Mlango wa ofisi ukiwa sebuleni: Mzazi alindeje seva ya kampuni akiwa nyumbani?

Ni saa mbili usiku mjini Tukuyu na mvua inagonga mabati. Mbalaga inachemka jikoni, mtoto wa darasa la sita anamalizia hesabu kwenye kona ya meza, na kona ya pili mama yake amefungua kompyuta mpakato. Chukulia kwamba mama huyu ni mhasibu wa kampuni inayonunua chai na parachichi kwa wakulima wa Rungwe. Kesho asubuhi malipo lazima yatoke. Orodha ya wakulima, namba zao za simu na kilo walizopima hazimo kwenye kompyuta hiyo. Zimo kwenye seva ya kampuni jijini Mbeya, kiasi cha kilomita 70 kutoka hapo mezani.

Bila intaneti, kazi hiyo ingemlazimu kupanda gari la alfajiri na kurudi watoto wameshalala. Sasa anaunganisha kompyuta na simu yake, anafungua mfumo wa malipo, na saa nne usiku amemaliza. Kwa familia huo ni unafuu mkubwa. Nauli inabaki mfukoni, mtoto mwenye homa anaangaliwa, chakula kinaliwa pamoja.

Lakini unafuu huo una sharti lake. Siku mzazi anaporuhusiwa kuingia kwenye seva ya kampuni akiwa nyumbani, nyumba yake inakuwa mmojawapo wa milango ya kampuni. Na nyumbani kuna watoto, wageni, ndugu waliokuja likizo, na simu inayopita mkono kwa mkono.

Njia ya kufika kwenye seva

Seva ni kompyuta inayotunza programu na taarifa zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja: mishahara, stoo, madeni, majina ya wateja. Yaweza kuwa chumba cha nyuma cha ofisi, yaweza kuwa imekodishwa nchi nyingine. Mfanyakazi aliye mbali huifikia kwa intaneti, na hapo ndipo swali linapoanza: nani mwingine anaweza kupita njia hiyo?

Kosa kubwa ni kuiacha seva wazi kwenye intaneti ikilindwa na nywila peke yake. Wezi wa mtandaoni hawana haja ya kuijua Tukuyu. Wana programu zinazozunguka usiku na mchana zikigonga milango, na zikipata ulio wazi hujaribu nywila maelfu kwa maelfu. Wakiingia, wengine hufunga mafaili yote kwa fumbo na kudai fedha ndipo wayafungue.

Kampuni nyingi huepuka hilo kwa kutumia VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti ya kawaida. Taarifa hubadilishwa kuwa fumbo kabla ya kutoka kwenye kompyuta ya mfanyakazi, na hufumbuliwa upande wa pili. Ni kama lori la parachichi linaloondoka Rungwe likiwa limefungwa lakiri. Linapita barabara ileile ya mabasi na bodaboda, lakini hakuna anayechungulia mzigo njiani.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili: lakiri hailindi mzigo ulioharibika kabla ya kupakiwa. Kompyuta ya nyumbani ikiwa na programu ya wizi, VPN inamfungulia mwizi njia ileile iliyofunguliwa kwa mwenye kompyuta.

Kampuni kubwa ziliangushwa na makosa madogo

LastPass ni kampuni inayotunza nywila za mamilioni ya watu duniani. Mwaka 2022 wezi waliilenga kompyuta ya nyumbani ya mmoja wa wahandisi wake waandamizi. Walipitia tundu kwenye programu ya kuchezea filamu na muziki, wakaweka programu ya kunasa kila anachoandika, wakapata nywila yake kuu. Kwa ufunguo huo walifika kwenye nakala za taarifa za wateja. Kwa maelezo ya watengenezaji wa programu hiyo ya filamu, tundu hilo lilikuwa limezibwa tangu mwaka 2020, lakini mhandisi hakuwa amesasisha programu yake.

Mfano wa pili ni Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta la mashariki mwa Marekani. Mei 2021 ilisimamisha bomba lake kwa siku kadhaa baada ya wezi kuingia kwa akaunti ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena. Akaunti hiyo ililindwa na nywila moja tu. Kampuni ililipa bitcoin zenye thamani ya takriban dola milioni 4.4.

Kampuni hizi zilikuwa na wataalamu wa kutosha. Moja iliponzwa na burudani ya nyumbani, nyingine na akaunti iliyosahaulika.

Maswali ya kumuuliza mwajiri

Ulinzi wa seva si mzigo wa mfanyakazi peke yake. Kabla ya kukubali kufanya kazi za ofisi nyumbani, mzazi ana haki ya kumuuliza bosi wake au mtaalamu wa TEHAMA wa kampuni maswali machache.

La kwanza: je, kila mtu ana akaunti yake? Kwenye banda la kupimia chai, kila mkulima ana jina au namba yake kitabuni; hakuna anayekubali kilo zake ziandikwe kwa jirani. Kwenye seva ni vivyo hivyo. Ofisi ambayo watu watano wanatumia nywila moja haiwezi kujua nani alifanya nini, na lawama humwangukia aliyekuwa karibu.

La pili: je, kuna uthibitisho wa pili baada ya nywila? Huu ni namba inayotumwa kwenye simu au inayotolewa na programu maalumu. Nywila ikiibwa, mwizi bado anabaki na kizingiti cha pili.

La tatu: je, mhasibu anafika kwenye hesabu tu, au VPN inamfungulia kila kitu? Anayehitaji stoo apewe stoo. Na anayeacha kazi akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Kisa cha Colonial kinaeleza sababu.

La nne: je, kuna nakala rudufu zinazotunzwa mahali tofauti na seva? Seva ikitekwa au ikipigwa na radi, nakala hiyo ndiyo itakayowezesha wakulima kulipwa.

Kazi ya nyumbani

Yakishajibiwa hayo, inabaki sehemu ya familia. Kwanza ni kompyuta yenyewe. Ikiwezekana, kompyuta ya kazi iwe ya kazi tu, na mtoto asiitumie hata kwa dakika kumi. Hilo linahitaji kuelezwa kwa upole. Mtoto akisema, "Mama, nipakue mchezo mmoja tu," aambiwe ukweli kwamba ndani ya mashine hiyo kuna fedha za watu, kama vile asivyoruhusiwa kufungua pochi ya mgeni.

Familia yenye kompyuta moja bado ina njia. Mtoto afunguliwe akaunti yake kwenye kompyuta hiyo, isiyo na mamlaka ya kuweka programu mpya. Si salama kama kuwa na mashine mbili, lakini ni afadhali sana kuliko wote kutumia akaunti moja. Michezo na filamu za kunakili kutoka flashi za mitaani zisiingizwe kabisa, na programu zisasishwe kila zinapodai, hata kama zinakula bando.

Pili ni simu, kwa sababu ndiyo ufunguo wa pili. Simu inayopokea namba za uthibitisho ifungwe kwa namba ya siri ambayo watoto hawaijui. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mwenyewe; kwa kupiga *106# mtu anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji ajue kwamba ufunguo wake uko mikononi mwa shemeji.

Tatu ni watu wanaopiga simu. Tapeli anaweza kujitambulisha kama fundi wa kampuni na kuomba mzazi aweke AnyDesk au TeamViewer "arekebishe mfumo". Programu hizo ni halali, lakini humkabidhi aliye upande wa pili kompyuta nzima. Jibu ni kukata simu na kupiga namba ya ofisi inayojulikana. Namba ya uthibitisho haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijua jina la bosi. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa TCRA kwa namba 15040.

Nne ni mahali. Mfumo wa kampuni usifunguliwe kwenye kompyuta ya duka la stationari, ambako mtu wa kwanza akisahau kutoka, wa pili anakuta akaunti iko wazi.

Mtandao ukigoma

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, lakini hakuna mtandao usiokatika. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilisumbua Tanzania na majirani zake kwa siku kadhaa. Rungwe nayo ina mvua nyingi na radi, na umeme hukatika.

Huo ndio wakati wa kujaribiwa. VPN imegoma, malipo yanasubiriwa, na mtu anasema: "Nitumie orodha kwa WhatsApp," au, "Nipe nywila yako nikumalizie." Kwa dakika hiyo moja, kazi yote ya kulinda seva inapotea. Kampuni makini hukubaliana mapema nini kifanyike mtandao ukikatika: nani apigiwe simu, nani mwingine ana akaunti yake ya kumalizia kazi, na malipo yanaweza kuchelewa kwa saa ngapi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na majina na namba za wakulima ni taarifa za watu. Tena, Oktoba 2023 TCRA ilizitaka kampuni na watu ambao shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa za matumizi hayo, ikaweka ukomo wa Oktoba 30 mwaka huo. Mfanyakazi amuulize mwajiri kama VPN ya kampuni imeshatolewa taarifa.

Jina la nani litaandikwa?

Mwizi aliyeingia kwenye mfumo wa malipo hana haja ya kuvunja kitu. Inatosha abadilishe namba za simu za wakulima kumi. Asubuhi fedha zitatoka kama kawaida, zitakwenda kusikojulikana, na mkulima aliyechuma chai kwenye mvua atasubiri ujumbe wa malipo usiofika. Mfumo utaonyesha kwamba mabadiliko yalifanywa na akaunti ya mhasibu, saa tano usiku, kutoka Tukuyu.

Ndiyo maana yule mama, akimaliza kazi yake, hafuniki tu kompyuta na kwenda kula. Anatoka kwenye mfumo, anakata VPN, anafunga kompyuta kwa nywila na kuiweka kabatini. Ni dakika moja tu. Mtoto wake anamwona, na siku atakapopata kazi yake mwenyewe atakuwa anajua la kufanya.