Uvimbe Unapojificha Kichwani

Askari aliyezoea kazi hasemi kijiji ki salama kwa sababu tu bunduki zimenyamaza. Huendelea na doria. Twawaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi walio wazazi wauangalie hivyo hivyo ugonjwa mmoja wa watoto, ambao siri zake zilifumbuliwa hapa hapa Kampala.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Dk. Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt alikuwa mpasuaji, naye aliwahi kuwa daktari wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo alitambua kwamba kisu hakitoshi: watoto hao walikuwa na uvimbe mwingine tumboni na penginepo. Alichapisha habari zake mwaka 1958.

Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu uvimbe huo, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dk. John Ziegler na wenzake walitumia dawa ya saiklofosfamidi, na nyuso zilizofura zikanywea upesi. Wazazi wakashangilia. Lakini kwa baadhi ya watoto ugonjwa ulirudi mbali na taya, katika ubongo na uti wa mgongo. Kope ikalegea, macho yakaona vitu viwili viwili, au miguu ikakosa nguvu.

Sababu ni kwamba ubongo una kizuizi kinachozikataza dawa nyingi kutoka katika damu kupenya ndani yake. Chembe za saratani zilizokwisha kuingia humo hupata maficho. Ndipo madaktari wakapiga sindano mgongoni, wakitia dawa ya methotreksati katika maji yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo. Wapo watoto waliorudiwa na ugonjwa, wakatibiwa upya, wakapona.

Basi kunywea kwa uvimbe si kupona. Twajua askari huhamishwa: leo yuko Kampala, kesho Moroto. Amri ya uhamisho ikija kabla matibabu hayajakwisha, mweleze mkuu wako, na uwaulize madaktari mtoto atatibiwaje huko uendako. Na hata matibabu yakiisha, siku ya kurudi kupimwa isipite. Mtoto akilalamika kichwa au akianza kuona vibaya, usingoje taya livimbe tena.