Chombo Kilale Wapi? Maegesho ya Usiku Katikati ya Jiji la Arusha

Jiji la Arusha limejaaliwa maji mengi yateremkayo kutoka Mlima Meru, lakini halikujaaliwa hata mto mmoja wa kupitisha chombo. Themi, Naura, Goliondoi na Burka ni mito ya mawe, na mifereji waliyoichimba Wameru na Waarusha tangu kale katika miteremko ya mlima huu ilikusudiwa kunywesha migomba na mashamba, si kubeba mashua. Na atakaye kupiga kasia hana budi kwenda Ziwa Duluti kule Tengeru, au maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, akajiburudishe kwa muda kisha arudi nchi kavu. Hata hivyo, swali linalowakabili wenye mashua za mifereji huko Uingereza kila jua linapokuchwa, yaani chombo kilale wapi kwa amani katikati ya mji, ndilo swali linalomkabili kila aingiaye Arusha jioni akiwa na lori la mzigo, au gari la watalii, au gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko na maskani yake yote. Ni swali ambalo jiji letu limechelewa kulijibu.

Nawatanguliza Waingereza kwa sababu wao wamelitungia jambo hili sheria. Mfereji wa Regent's Canal, unaozunguka upande wa kaskazini wa London kutoka Paddington mpaka Limehouse, penye mto Thames, ulikamilika mwaka 1820 kwa ajili ya kupitisha makaa, mbao na bidhaa nyingine za viwandani. Siku hizi mizigo imehamia barabarani, na mfereji umebaki kuwa makazi ya watu waishio ndani ya mashua nyembamba, ambazo upana wake aghalabu ni kiasi cha mita 2.1 na ndefu kati yake hukaribia mita 22. Sheria yao ya mwaka 1995 yasema kwamba mwenye mashua asiye na gati lake la kudumu hana ruhusa kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa awe na udhuru wa haki. Hivyo watu hao huhama daima, na kila wahamapo hutafuta upya mahali pa kufunga kamba. Penye bomba la maji na mwanga wa kutosha hupagombania; chini ya daraja lenye giza hupakwepa, kwa kuwa wako wahuni wafunguao kamba usiku na kukiacha chombo kikielea na watu wake wamelala. Na kwa vile nafasi za katikati ya mji ni haba, ziko sehemu, kama pale Paddington, ambapo nafasi huombwa kabla ya kufika, ili nahodha asije akawasili na kukuta pamejaa ilhali usiku umekwisha ingia.

Lakini hatuna haja ya kukaa sana Ulaya, maana elimu hii ya kumpa mgeni mahali pa chombo chake ilikuwa yetu katika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya mfereji huo kuchimbwa. Bandari ya Kale ya Mombasa imo kifuani mwa mji wenyewe, chini ya kivuli cha Ngome ya Yesu ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Na majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Bara Arabu na Ghuba yalitia nanga hapo na kungoja kusi iyarudishe kwao, na katika miezi hiyo yote nahodha na mabaharia wake walishuka kutoka chomboni wakafika sokoni na msikitini kwa miguu. Vivyo hivyo Unguja, mbele ya Mji Mkongwe. Hakuna aliyeona ajabu kwamba sehemu iliyo bora ya mji, iliyoelekea bahari na kupata upepo, iwe ni ya kupokelea vyombo vya wageni, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba riziki ya mji imo katika vyombo hivyo, na kwamba chombo kisichopata mahali salama hapa kitapatafuta kwingine, na kitakwenda na biashara yake.

Bara nako wasafiri wa zamani walikuwa na bandari zao. Misafara iliyotoka Pangani na Mombasa kuelekea Kilimanjaro na Umasaini iliijua vyema Taveta, kijiji kilichojificha katika msitu mnene kandokando ya mto Lumi, ambacho njia zake za kuingilia zilikuwa nyembamba na kufungwa kwa magogo, hata adui asiweze kupita bila idhini ya wenyeji. Ndani ya msitu ule pagazi waliotua mizigo yao walilala usingizi wa kweli. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipofika hapo mwaka 1883, watu wake walikaa wakizitunga upya shanga zote za msafara, kwa kuwa Wamasai hawakuzikubali ila zikiwa na urefu waliouzoea wao. Na kazi kama hiyo, ya kumwaga mali yote nje ya mizigo na kuishughulikia siku baada ya siku, haifanyiki mahali ambapo mtu amelala na bunduki mkononi. Jumbe Kimemeta, tajiri wa misafara aliyefuatana na Thomson na kisha kuuongoza msafara wa Mzungu mwingine, Teleki, katika miaka ya 1887 na 1888, alilijua jambo hili kuliko Wazungu aliowaongoza: safari ndefu hupimwa kwa vituo vyake, na kituo hupimwa kwa usalama wa usiku wake.

Arusha yenyewe imezaliwa kuwa kituo. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1900, na maduka yakafuata chini yake. Reli kutoka Moshi ikafika mwaka 1929. Na barabara kuu ya kutoka kusini mwa Afrika hadi kaskazini ikapita katikati ya mji, hata pakawekwa Mnara wa Saa ambao wenyeji hupenda kumwambia mgeni kwamba ndio nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo. Wanajiografia huenda wakabishana na madai hayo, lakini wasafiri hawabishani nayo: wako waendesha magari na pikipiki wanaoivuka Afrika nzima, ambao hufika kwenye mnara ule wakapiga picha na kuandika tarehe. Kisha giza huingia, na mtu aliyekwisha simama mahali panapoitwa nusu ya bara zima huanza kuuliza ni wapi atakapolaza gari lake.

Majibu anayopewa nayajua, na kila mkazi wa jiji hili anayajua. Ataelekezwa kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, ambako akinunua mafuta na kuzungumza kwa adabu huenda akaruhusiwa kusimama pembeni hadi alfajiri; au gesti yenye uzio na geti, ambayo geti lake limejengwa kwa kipimo cha gari dogo, na lori lenye trela haliwezi hata kukunja kona ya kuliingia; au ataambiwa atoke nje ya mji, kwenye viwanja vya kambi vya kuelekea Njiro au njia ya Dodoma pale Meserani, ambavyo ni vizuri, lakini vinamweka mbali na ofisi ya Uhamiaji, na benki, na fundi wa taa, na Hospitali ya Mount Meru, yaani mbali na mambo yenyewe yaliyomleta mjini. Na asiyetaka yote hayo huegesha kandokando ya barabara mbele ya duka lililofungwa, akamwendea korokoroni wa duka, mzee aliyejifunika koti zito kwa baridi ya mlima, akamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, naomba uniangalizie gari," na kumwachia fedha kidogo mkononi. Mzee yule ni mwaminifu, sina shaka naye. Lakini ameajiriwa kulinda kufuli la duka, naye ni mmoja, na akiwa upande wa mbele wezi huja kwa nyuma.

Wanachoiba ni vitu vinavyong'oleka upesi: saitimira, taa, betri, tairi la akiba; mafuta nayo hunyonywa kwa mpira kutoka tangi la lori, na turubai huchanwa kwa wembe mzigo ukatolewa boksi moja moja. Ni wizi mdogo kwa jina, lakini kwa dereva anayekatwa hasara hiyo katika mshahara wake si mdogo hata kidogo. Ndiyo maana madereva wengi hawalali kitandani. Dereva hujikunja nyuma ya usukani, na utingo wake hulala juu ya mzigo au chini ya trela, kisha asubuhi watu hawa waliokesha wakilinda mali ya wengine hushika barabara, wakaendesha chombo ambacho sheria ya Afrika Mashariki yaruhusu kiwe na uzito wa hadi tani 56 pamoja na mzigo wake. Ajali itakayotokea mchana huo itaandikwa kuwa ni ya uzembe wa dereva, wala hapatatajwa mahali alipolala.

Yuko atakayesema kwamba jambo hili limekwisha tatuliwa na barabara ya mchepuko yenye urefu wa kilomita 42.4, iliyoyaondoa malori mjini. Imeyaondoa yale yanayopita, na ni neema kubwa. Lakini lori linaloleta saruji, sukari au vitabu vya shule kwa wafanyabiashara wa Arusha bado lina shughuli mjini, na gari la msafiri kadhalika. Fauka ya hayo, safari za usiku zimeongezeka. Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mnamo Oktoba 2023, jiji hili lina wageni wanaoshuka saa nane za usiku, na mpaka wa Namanga, ambao kituo chake cha huduma kwa pamoja kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, unavusha watu kwa wepesi ambao zamani haukuwapo. Mji umefungua milango yake usiku, lakini haujatandika.

Yuko pia atakayesema kwamba ushuru wa maegesho unaotozwa mjini watosha. Hapana, ushuru ule ni malipo ya kutumia nafasi barabarani, si dhamana ya ulinzi, na mwenye risiti yake akikuta kioo kimevunjwa hana wa kumdai.

Mahali penyewe pataka kuchaguliwa kwa akili, maana Arusha ni mji wa mteremko. Kandokando ya mito hapafai: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na hata isingekataza, mvua za masika zingetukataza. Mvua kubwa ikinyesha juu ya Meru, makorongo yaliyokuwa makavu asubuhi hujaa jioni. Na katika masika ya mwaka 2024 maji ya korongo moja yalilisomba basi la wanafunzi jijini humu, yakachukua roho za watoto ambao hatutawasahau. Anayetafuta mahali pa kulaza gari lenye watu ndani yake asiipuuze habari hiyo hata kidogo.

Wala hatuhitaji kununua ardhi mpya katikati ya mji, ambayo najua ni ghali. Viko viwanja vinavyojaa magari mchana na kubaki vitupu usiku kucha: eneo la Kituo cha Mikutano cha AICC, pembezoni mwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, maeneo ya jirani na stesheni ya reli. Wamiliki wake wakipatana na Jiji kwamba kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi sehemu ya viwanja hivyo iwe ni ya vyombo vinavyolala, hapatatakiwa zaidi ya geti pana, taa, bomba la maji, vyoo safi vya wanaume na vya wanawake, walinzi wasiopungua wawili, na daftari la kuandika gari limeingia saa ngapi na limetoka saa ngapi. Ada iwe ya wazi, ibandikwe getini, na mlipaji apewe stakabadhi inayoahidi ulinzi. Muda uwe na mpaka, kama Waingereza walivyoweka mpaka wao, ili kiwanja kisigeuke gereji ya magari mabovu. Na nafasi ipatikane kwa simu mapema, dereva akiwa bado Makuyuni au Longido, ajue kabla ya giza kama atapokewa au la.

Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa mwaka 2023 jukumu la kuandaa kwa pamoja mashindano ya AFCON ya mwaka 2027, na Arusha inajengewa uwanja mpya wa mpira kwa ajili hiyo. Wageni wengi watakuja kwa ndege, lakini wengi zaidi, hasa majirani zetu, watakuja kwa barabara, na baadhi yao watalala ndani ya magari yao tutake tusitake. Naiomba Halmashauri ya Jiji la Arusha isiwangoje. Ianze sasa na kiwanja kimoja cha usiku, chenye nafasi hata ishirini tu, ikiendeshe kwa msimu mmoja wa utalii, na hesabu zake zitangazwe kwa wananchi.