Mzizi kṛ wa Kisanskriti: maana, asili na minyambuliko yake

Mzizi kṛ, ambao herufi yake ya pili ni irabu itamkwayo takriban kama "ri", hubeba maana ya kutenda, kufanya na kuunda. Wanasarufi wa Kihindi huuita mzizi wa kitenzi dhātu, na kṛ ni miongoni mwa zile zenye uzao mkubwa. Msomaji anayeujua mzizi wetu -tend-, uliozaa tendo, kitendo, mtendaji na hata istilahi yenyewe kitenzi, hatapata taabu kuufuata.

Umbo lake hubadilika kwa ngazi za irabu: kṛ, kar, kār. Kutokana nazo tunapata kṛta "-liyotendwa", karoti "anatenda" na kārayati "anatendesha". Katika Veda umbo la wakati uliopo lililozoeleka ni kṛṇoti. Karoti lilienea baadaye. Mzizi huu ulirithiwa kutoka lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, ambako wanaisimu huuunda upya kuwa *kʷer-, na ndugu zake wamo katika Kiajemi: kardan "kufanya" na kār "kazi". Neno letu karakana limetokana na kārkhāna la Kiajemi, yaani nyumba ya kazi. Kwa hiyo karakana ni binamu wa kṛ, wala si mtoto wake. Kisanskriti hakikutupa neno hilo.

Mnyambuliko uliosafiri mbali zaidi ni karman, au karma: kar pamoja na kiambishi tamati -man. Maana yake ya msingi ni tendo, na katika Veda hasa tendo la ibada. Pāṇini, mwanasarufi aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, alilitumia kwa maana ya kisarufi kabisa. Katika sentensi "Mkulima anakata mti kwa shoka", mkulima ni kartṛ (mtenda), shoka ni karaṇa (kitumizi), na karma ni ule mti, yaani yambwa. Istilahi zote tatu zimechipuka kwenye mzizi mmoja, kama zilivyo mtenda na mtendwa kwetu.

Ndiyo maana fasili ya karma kuwa "adhabu impatayo mtu mbaya", inayosikika sana siku hizi, haitoshi. Kisanskriti hutenganisha karma, tendo, na karmaphala, tunda la tendo. Na tunda laweza kuwa tamu pia. Kwa maoni yangu, kamusi ya Kiswahili inayoliingiza neno hili haina budi kutanguliza "tendo", kisha itaje imani ya malipo, na mwisho matumizi ya mitaani.

Viambishi awali huupeleka mzizi kwingine. Upakāra ni msaada, apakāra ni dhara. Vikāra ni badiliko, prakṛti ni hali ya asili. Kwa sam- hujitokeza s ya ziada, tukapata saṃskāra, ibada za hatua za maisha kama vile kupewa jina na ndoa, na saṃskṛta, "iliyotengenezwa ikakamilika", ambalo ndilo jina la lugha yenyewe.

Mzizi huu usichanganywe na kṝ, wenye irabu ndefu, ambao umbo lake kirati lina maana ya "anatawanya".