Je, Wajua? Gitaa peke yake halifanyi roki

Je, wajua kwamba magitaa ya umeme yanayopigwa kwenye muziki wa dansi, unaopendwa na wazee wengi wa Chang'ombe, ndiyo hayo hayo yaliyojenga roki? Tofauti iko kwenye upigaji. Katika dansi, magitaa ya solo, rithimu na besi hujibizana kwa sauti safi. Katika roki, sauti ya gitaa mara nyingi hukwaruzwa makusudi, na dramu husisitiza pigo la pili na la nne. Hata hivyo, mipaka hiyo huvukwa. Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alitunga “Bohemian Rhapsody” ya 1975 yenye opera ndani yake, na bado ni roki. Basi, kwa kuwa mipaka ya muziki huvukwa, asibezwe kijana wa Temeke anayependa muziki wa singeli, unaofika mapigo zaidi ya 200 kwa dakika.