Maziwa ya Nyumbani Yapimwe Kwanza

Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa chakula bora kwa wananchi wa Kenya. Unatuagiza kula mboga na matunda kila siku. Maharagwe, dengu au njugu mara nne kwa juma au zaidi. Nyama, samaki au mayai walau mara mbili. Na kunywa vikombe viwili vya maziwa kila siku.

Lakini desturi zetu ziko mbali. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, 94 hawakufikisha vipimo vitano vya mboga na matunda kwa siku.

Ninyi wakulima wa skimu mna vyakula hivi shambani. Mbona maziwa yote huenda kwa chama, na watoto hunywa chai ya rangi? Fanyeni hesabu: watu sita, vikombe viwili vya robo lita kila mmoja, ni lita 3. Pimeni hizo kwanza, ndipo mkebe uende barabarani. Ng'ombe akitoa kidogo, watoto watangulie.

Fedha ya maziwa hununua mengi, lakini hainunui miaka ya kukua iliyokwisha kumpita mtoto.