Rumonge: Malori yalala mitaani, watoto wapita katikati ya barabara

UKIPITA kartie ya Waswahili mjini Rumonge baada ya magharibi, utakuta fuso na malori yameegeshwa kando ya kuta za nyumba za watu, mengine yamebeba bidoni za mawese zinazosubiri safari ya Bujumbura, kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya RN3. Asubuhi huwa yamekwisha kuondoka, isipokuwa yaliyokosa mafuta. Mwaka 2024, dizeli ilipokuwa adimu nchini, lori moja lilikaa mbele ya nyumba ninayopanga siku kumi na moja. Mama mwenye nyumba akaanika mihogo juu ya turubai lake.

Sisemi haya kwa chuki na wafanyabiashara. Kaka yangu naye ni mchuuzi wa mawese. Ila alfajiri moja mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliyetumwa kuchota maji, alitokeza mbele ya lori lililoegeshwa, pikipiki ikamgonga. Alivunjika mguu, akakosa mtihani. Mwenye pikipiki naye, ukuta upande huu na lori upande ule, angemwonea wapi?

Kwa sisi tuliorudi kutoka Tanzania kuna la kuangalia zaidi. Kule magari hupita kushoto, hapa kulia, lakini mengi tunayoyaleta kupitia Dar es Salaam yana usukani wa kulia. Ukiegesha hapa, dereva hushukia salama upande wa mtaro, ila abiria hufungua mlango barabarani. Kuondoka nako ni shida. Ukiwa nyuma ya lori jingine huoni kinachokuja mpaka utingo ashuke aangalie. Utingo akiwa amelala, dereva hubahatisha.

Ndugu zetu waliokimbia mwaka 1972, ambao baadhi yao walihamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania kuanzia 2007, hutusimulia sheria za huko. Mjini Los Angeles gari haliruhusiwi kukaa barabarani mahali pamoja kupita saa 72, hata yale yenye kitanda na jiko ndani, ambayo watu huendea matembezi. Nilimwuliza binamu yangu, asiye na uwanja anapeleka wapi lake? Akacheka: analisogeza, kesho kutwa analirudisha.

Kufukuza tu si dawa. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli ziliondolewa katikati ya Bujumbura, na vijana wengi wakapoteza riziki. Nasi Rumonge nafasi ni finyu. Ufukweni hakufai: sheria ya maji ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 kutoka ziwani, na maji yalipopanda miaka ya karibuni yaliingia mpaka kwenye nyumba za Kanyenkoko.

Wenye malori wanasema wanaogopa wezi, ndiyo maana hulala na mali mlangoni. Hapo wana haki. Lakini uwanja wenye taa na mlinzi, kando ya RN3 nje kidogo ya mji, kila lori likichangia faranga kidogo kwa usiku, je, utawagharimu kuliko bidoni moja ikiibwa?

Wazo hilo nimelipeleka kwa shefu wa kartie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kiwanja kitakuwa cha nani. Katika mji ambao waliorudi na waliobaki wamedaiana mashamba kwa miaka, swali hilo si dogo. Ameniambia nirudi Jumatatu na wenye malori wanne wa mtaa wetu.