Fahamu: Tropheus, samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika

Ni samaki gani?
Tropheus ni jenasi ya samaki wadogo wa familia moja na sato na perege. Wanapatikana Ziwa Tanganyika pekee. Jenasi hii ilielezwa kisayansi mwaka 1898.

Wanaishije?
Hukaa kwenye miamba ya kina kifupi, wakikwangua mwani. Jike hutaga mayai machache na kuyaatamia kinywani.

Kwa nini wana rangi nyingi?
Ni nadra samaki hawa kuvuka mchanga au kina kirefu. Kila kundi hubaki kwenye miamba yake na kujijengea rangi zake.

Kwa nini ni muhimu?
Wanasayansi huwachunguza ili kuelewa spishi mpya zinavyotokea. Wafugaji wa samaki wa mapambo huwanunua. Kundi likivuliwa kupita kiasi, ni vigumu kwa samaki wa miamba mingine kuja kujaza pengo.